Deni Limekulemea? Fuata Hatua Hizi, Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Nyundo ya Dalali

Siku mkopeshaji wa simu alipompigia mwalimu wa binti yangu kumwambia kwamba mama wa mtoto huyo ni mwizi, nilikuwa nimechelewa siku kumi na moja kulipa shilingi 12,000. Mwalimu alinipasha habari hiyo kwa sauti ya chini, nje ya lango la shule, nami nikakosa pa kuweka uso. Nilirudi nyumbani nikafanya wanalofanya wengi: nikazima simu. Nilipoiwasha nikakopa kwa programu nyingine ili nilipe ile ya kwanza, kisha ya tatu ili nilipe ya pili. Mwaka ulipokwisha nilikuwa na madeni sita na sikujua hata jumla yake.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mzee aliyestaafu baada ya kufanya kazi ya ukarani kortini miaka mingi. Aliniambia, "Mwanangu, kudaiwa si jinai. Lakini kila karatasi ya deni ina siku zake. Ukizilalia, hakuna atakayekurudishia." Tangu hapo nimesaidia wanachama wa chama chetu na majirani kadhaa kupita njia hiyo hiyo, na kila mara naona maneno ya mzee yakitimia. Anayefungua barua na kuhesabu siku hupata nafasi ya kujitetea. Anayejificha hunyang'anywa hata alichoruhusiwa na sheria kubaki nacho.

Ninaandika kuhusu Kenya. Ukiwa Tanzania au Uganda, hatua za kupanga madeni zitakufaa, lakini siku na sheria za huko ni nyingine.

Hatua ya kwanza: andika kila deni, hata lile la dukani

Chukua daftari. Kwa kila deni andika mambo matano: anayekudai ni nani hasa, kiasi ulichokopa mwanzoni, kiasi kinachodaiwa leo, riba au ada, na mali au mtu aliyesimama nyuma ya deni hilo. Usiandike kwa kukumbuka tu. Omba stetimenti kwa kila mkopeshaji, na utoe stetimenti ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili. Mara nyingi utakuta malipo uliyofanya ambayo hayakuingizwa, au ada ambayo hukuelezwa siku ya kukopa.

Hapo ndipo utaona mikopo ya simu inavyokula. Ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini inaonekana ndogo. Ukikopa na kulipa kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90 ya pesa ambazo hata hazikukaa mfukoni. Kwa mkopo wa wiki mbili wenye ada hiyo hiyo, hesabu ni karibu mara mbili ya hapo. Andika kiasi hicho cha mwaka kando ya kila deni. Mimi nilipokiona nililia, kisha nikafuta programu nne.

Kama deni ni la benki na ulikwisha kushindwa kulipa kwa muda, kuna kifungu unachopaswa kukijua kwa nambari: 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2007. Kinaiwekea benki kikomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha mtaji, yaani pesa zenyewe ulizokopa, uliokuwa umebaki siku hiyo. Mtaji ulibaki shilingi 200,000? Riba isizidi 200,000 nyingine, pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Nimewahi kuona deni la mtaji wa 150,000 likidaiwa kama zaidi ya nusu milioni. Barua moja iliyotaja kifungu hicho ililishusha.

Angalia pia umri wa deni. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, madai yanayotokana na mkataba hupelekwa kortini ndani ya miaka sita. Ikipita, mkopeshaji amechelewa, na wewe una haki ya kusema hivyo mbele ya hakimu. Lakini sikiliza kwa makini: ukilipa sehemu ya deni, hata shilingi 500, au ukiandika na kutia saini barua inayokubali kwamba unadaiwa, hesabu ya miaka sita huanza upya. Kuna wakusanya madeni wanaowapigia watu kuhusu mikopo ya zamani wakiwaomba "chochote tu, kuonyesha nia njema". Kabla hujatuma hiyo mia tano, jua tarehe uliyolipa mara ya mwisho.

Hatua ya pili: panga nani alipwe kwanza

Wengi wetu humlipa anayepiga kelele zaidi. Ni kawaida ya binadamu, na ni hasara. Mkopeshaji wa simu anapiga mara ishirini kwa siku kwa sababu hana kitu cha kushika. Benki iliyoshikilia hatimiliki ya shamba lako haina haja ya kupiga kelele.

Mimi hupanga hivi. Kwanza ni chakula, kodi ya nyumba, maji na stima, karo, na nauli ya kwenda kazini, kwa maana bila hivyo hutalipa mtu yeyote. Pili ni madeni yaliyoshika mali ambayo ukiipoteza maisha yanavunjika: nyumba, shamba, au bodaboda inayokulisha. Tatu ni mkopo wa sacco, kwa sababu nyuma yake wako wadhamini, na hao ni watu wa kwenu. Usipolipa, akiba na mishahara yao ndiyo itakayokatwa. Nne ni madeni yasiyo na dhamana: mikopo ya simu, kadi, duka la nguo, rafiki. Katika kundi hili la nne, yale madogo madogo yamalizie mapema ukipata nafuu kidogo, maana deni la shilingi 1,500 linaweza kukuchafulia jina sawasawa na la laki.

Mashailoki wa mtaani nawaweka peke yao. Mtu anayekukopesha kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi akashika kadi yako ya benki na nambari ya siri, au kitambulisho chako, hana haki ya kushika vitu hivyo. Nenda benki ubadilishe kadi na nambari hiyo leo, kisha mzungumze jinsi ya kumrudishia mtaji wake.

Kama umeajiriwa, jua kiasi kinachokulinda. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Ukilipwa 45,000, lazima 15,000 zikufikie mkononi. Nimeona peisilipu zilizobaki na shilingi 1,800 kwa sababu mkopeshaji na mwajiri walikubaliana na mfanyakazi akanyamaza. Mwandikie mwajiri, utaje kifungu, uweke nakala.

Hatua ya tatu: zungumza mapema, na kwa maandishi

Wakati mzuri wa kumwendea mkopeshaji ni kabla hujachelewa, siku unapojua kwamba mwezi huu hautatosha. Benki na sacco zina utaratibu wa kupanga upya mkopo: kurefusha muda, kupunguza kiasi cha mwezi, au kukupa miezi miwili ya kupumua. Ukichelewa miezi mitano ndipo uende, unakuta faili limekwisha hamia kwa mawakili na gharama zao zimeongezwa juu yako.

Usiahidi usichoweza. Ukitoa shilingi 3,000 kila mwezi bila kukosa, una nguvu zaidi kortini kuliko aliyeahidi 10,000 akalipa mara moja. Barua yenyewe si lazima iwe na Kiingereza cha kortini. Hii ndiyo niliyoitumia, na nimewapa wengi:

"Kwa Meneja wa Mikopo. Mkopo nambari (andika). Ninaandika kuwajulisha kwamba mapato yangu yamepungua tangu mwezi wa (andika) kwa sababu (eleza kwa sentensi moja, ambatisha ushahidi). Naomba stetimenti kamili inayoonyesha mtaji, riba na ada kila moja peke yake. Kwa sasa naweza kulipa shilingi (andika) kila tarehe 5 ya mwezi, kuanzia (tarehe). Naomba riba na adhabu zisimamishwe wakati ninalipa kwa mpango huu. Naomba mnijibu kwa maandishi, kwa barua pepe au anwani iliyo hapa chini."

Itume kwa barua pepe, kisha upeleke nakala ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama deni limekaribia miaka sita au umri wake huujui, anza kwa kuomba stetimenti peke yake bila kukiri lolote.

Wakikubaliana nawe kwa simu, waambie waandike. Na usilipe kamwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama ofisa. Lipa kwa paybill ya kampuni, na uweke nambari ya mkopo wako.

Wakikutukana, wakikutisha, wakiwapigia jamaa zako

Hapa nina uchungu wangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu Machi 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, chini ya kanuni zilizotolewa mwezi huo. Kanuni hizo zinawakataza kutisha, kutukana, kutumia nguvu, kuanika habari za mdaiwa mtandaoni ili kumwaibisha, na kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yake ili kuwapigia wengine anapochelewa. Yaliyonipata mimi langoni pa shule sasa yamepigwa marufuku waziwazi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Isome kabla hujakopa.

Wakivunja kanuni, fanya hivi. Usifute chochote. Piga picha za jumbe zikionyesha nambari na saa. Mwombe aliyepigiwa akuandikie mistari michache: alipigiwa lini, na nambari ipi, aliambiwa nini. Kisha andika malalamiko mawili. Moja lipeleke kwa kampuni yenyewe, na nakala Benki Kuu. La pili lipeleke kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Malalamiko hujazwa kwenye tovuti yao, bila wakili. Ofisi hiyo ina meno: mwaka 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kuwasumbua watu kwa kutumia majina yaliyochukuliwa kwenye simu za wengine.

Malalamiko hayafuti deni. Utalipa ulichokopa, lakini utalipa ukiwa na heshima yako.

Na polisi? Mkopeshaji akikwambia "utakamatwa kesho saa nne", tulia. Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni. Kinachoweza kukuingiza kwenye jinai ni udanganyifu: peisilipu ya kughushi, kukopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, au kutoa hundi ukijua akaunti haina pesa, jambo ambalo kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinaliadhibu. Kwa hiyo usimpe mkopeshaji hundi za tarehe za mbele kama huna hakika nazo.

Jina lako CRB

Mkopeshaji anapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya kwa ofisi ya kumbukumbu za mikopo, yaani CRB. Kanuni za mwaka 2020 zinazuia madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasipelekwe. Siku hizo 30 ndizo za kulipa, kupatana, au kupinga.

Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure kutoka kwa ofisi kama Metropol, TransUnion au Creditinfo. Ichukue hata kama hudaiwi, maana wapo waliokopewa kwa majina yao bila kujua. Ukikuta kosa, andika pingamizi kwa ofisi hiyo na uambatishe stakabadhi. Fahamu kwamba ukishalipa, rekodi ya kuchelewa haifutiki siku ile ile. Husomeka kwamba deni limelipwa, na huweza kubaki hadi miaka mitano. Mtu anayekuuzia "kufutiwa CRB" kwa shilingi elfu tano mtandaoni anakuibia.

Barua ya wakili, kisha korti

Barua ya madai kutoka kwa wakili kwa kawaida hukupa siku saba au kumi na nne. Bado haijawa kesi. Ijibu. Kama kiasi si sahihi, sema hivyo na uombe hesabu. Kama ni sahihi, toa mpango wa malipo. Majibu mengi ya aina hii huishia kwenye makubaliano, kwa sababu wakili naye anajua kwamba kesi ina gharama.

Usipojibu, zitafuata hati za korti. Hapa watu hupotea kwa kudhani kwamba hati ya kweli huletwa na askari tu. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu hati za kuitwa kortini ziletwe kwa barua pepe, na hata kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Wakati huo huo matapeli hutuma "samansi" za uongo. Njia ya kutofautisha ni moja: soma jina la korti na nambari ya kesi, kisha nenda kwenye masjala ya korti hiyo uulize. Makarani watakwambia kama kesi ipo.

Deni lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Korti ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Huko unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Kasi hiyo ni nzuri kwa anayedai na ni hatari kwa anayelala, kwa kuwa una siku 15 tu za kujibu tangu upewe hati. Jibu kwa njia moja kati ya hizi: nakataa deni, na sababu ni hizi; nakubali sehemu, nakataa sehemu; au nakubali lote, naomba kulipa kwa awamu. Njia hiyo ya tatu haina aibu, na mara nyingi huokoa gharama.

Madeni makubwa zaidi huenda kwa korti za mahakimu au Mahakama Kuu. Huko tafuta wakili ukiweza. Siku zako za kuingia kwenye kesi na kuweka utetezi zimeandikwa kwenye hati yenyewe. Zitie kwenye kalenda ya simu jioni ile ile.

Ukikosa kujibu, hukumu hutolewa bila wewe. Ukigundua hivyo, hata kama madalali wamekwisha kufika, unaweza kuomba hukumu iondolewe. Ombi hilo hukubalika ukieleza kwa nini hukufika (kwa mfano hati zilipelekwa nyumba uliyohama) na kuonyesha kwamba una utetezi wa maana. Nenda haraka, kwa sababu kila wiki unayokaa baada ya kujua inapunguza nguvu ya sababu zako.

Baada ya hukumu: madalali, benki, mshahara

Hukumu ikitoka, anayedai ana miaka 12 ya kuitekeleza. Lakini hata sasa mlango haujafungwa. Korti inaweza kukuruhusu ulipe hukumu kwa awamu ukiwa na sababu za kutosha. Peleka peisilipu, risiti za kodi na karo, stetimenti ya benki, na malipo ya kwanza mkononi. Hakimu humsikiliza zaidi aliyekuja na pesa, hata kidogo.

Usipofanya hivyo, anayedai atachagua njia. Anaweza kuomba korti ishike pesa zilizo kwenye akaunti yako, au akate mshahara, au atume madalali.

Dalali halali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali na waranti ya korti. Mwombe vyote viwili, upige picha. Kwa mali inayohamishika, ziara ya kwanza ni ya kuandika tu. Anaorodhesha vitu, hali yake na thamani yake katika hati inayoitwa proklamesheni, anakuomba utie saini, na anakuachia notisi ya siku saba za kulipa. Aliyekuja na lori siku ya kwanza akabeba friji amevunja kanuni za 1997. Tena, haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kutua wala kabla halijachomoza.

Soma orodha yake kabla ya kusaini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakinga baadhi ya vitu visishikwe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yako na ya familia, na zana unazohitaji kwa kazi yako. Cherehani ya fundi nguo imo humo. Friji na televisheni hazimo. Ukiona kitu kilichokingwa kimeorodheshwa, andika kando ya saini yako kwamba unapinga, kisha upeleke pingamizi kortini ndani ya siku hizo saba. Na kama vitu ni vya mtu mwingine, kwa mfano kochi alilonunua dada yako, mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda kortini kupinga akiwa na risiti. Ndiyo sababu namwambia kila mtu atunze risiti za vitu vikubwa vya nyumbani.

Kuna kifungo cha madai, nacho huwatia watu hofu kuliko kinavyostahili. Huwezi kutupwa ndani kwa sababu tu huna pesa. Lazima kwanza upewe notisi ya kufika kueleza kwa nini usifungwe, na korti iridhike kwamba una uwezo wa kulipa ukakataa, au unaficha mali, au unataka kutoroka. Siku hiyo fika, ukiwa na karatasi zote za mapato na matumizi yako. Asiyefika ndiye anayetolewa waranti. Kifungo chenyewe hakizidi miezi sita, anayedai hulipia chakula chako huko ndani, na ukitoka deni bado liko.

Nyumba na shamba

Kwa mali iliyowekwa rehani, benki haihitaji kesi ili iuze, lakini inahitaji notisi, na notisi hizo ni nyingi kuliko wengi wanavyojua. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukishachelewa mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi ya siku 90 ya kurekebisha. Ikiisha bila mafanikio, inatoa notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, ambayo pia hupelekwa kwa mume au mke na kwa mdhamini. Kisha dalali anatoa yake ya siku 45. Hesabu: ni karibu miezi sita. Muda huo unatosha kuuza kipande cha ardhi wewe mwenyewe kwa bei ya soko, kwa idhini ya benki, na kubaki na chenji. Nimewahi kuona familia ikifanya hivyo, na nimeona nyingine ikisubiri muujiza hadi mnada.

Angalia mambo mawili. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Kama saini yako ilighushiwa, nenda kwa wakili mara moja. Pili, benki lazima ithaminishe mali kabla ya kuuza, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhani kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kuwa na hesabu ya mthamini wako mwenyewe.

Kwa gari, kama jina la mkopeshaji liko kwenye logbuku pamoja na lako, anaweza kulichukua haraka zaidi. Mpigie kabla ya tarehe ya malipo, wala usilifiche gari kijijini; gharama za kulitafuta atajaribu kukubebesha wewe.

Kama huwezi kabisa

Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia ambayo watu wa kipato kidogo hawaambiwi. Kama madeni yako yote ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, huna mali ya kuuzwa, na huna uwezo wa kulipa hata kidogo, unaweza kumwomba Msimamizi Rasmi wa Ufilisi akuingize katika utaratibu wa wasio na mali. Wadai waliomo wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 unaachiliwa kutoka kwa madeni hayo. Hutolewa mara moja tu maishani, aliyeficha mali hakubaliwi, na wakati huo huwezi kuchukua mkopo wa maana bila kueleza hali yako. Njia nyingine ni mapatano rasmi na wadai wote chini ya msimamizi, au kufilisiwa kamili. Haya ni mazito. Muone wakili au shirika la msaada wa kisheria kwanza.

Mdhamini aliyelipa deni la mwenzake naye ana haki ya kulidai kwake. Na mgogoro wako na sacco huenda kwenye Baraza la Vyama vya Ushirika, kwa hiyo usipoteze pesa kufungua kesi kwingine.

Siku ya kulipa shilingi ya mwisho

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini kulipa kuna karatasi zake. Omba barua inayosema mkopo nambari fulani umelipwa wote na salio ni sufuri. Kama kulikuwa na kesi, hakikisha imeandikwa kortini kwamba hukumu imetimizwa. Kama kulikuwa na rehani, fuatilia hati ya kuiondoa mpaka isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi. Hatimiliki ikirudi bila usajili huo, bado imefungwa. Logbuku ibadilishwe ibaki na jina lako peke yako. Rudisha vyeti kwa wadhamini wako na uwashukuru. Kisha, baada ya mwezi mmoja, chukua ripoti ya CRB uone kama kila kitu kimeandikwa.

Barua zangu sita za salio sufuri ziko kwenye faili la kijani, juu ya kabati. Miaka miwili baada ya kumaliza, mkusanya madeni mmoja alinipigia kuhusu zile 12,000, akasema bado ninadaiwa. Nilimwomba barua pepe yake, nikamtumia picha ya barua na risiti ya M-Pesa. Hajapiga tena.